Punje Zangu Kwenye Kikaango cha Mama Mkwe

Katika karakana yetu ya Kilibula kazi zimegawanyika vizuri. Mume wangu anachora kwenye kompyuta, mashine ya leza inakata mbao, na mimi nalinda hewa. Wageni hucheka wakisikia hivyo. Huwaambia waje asubuhi nikifungua koki chini ya tanki la kompresa, wajionee maji yanavyomwagika. Hewa ya kando ya ziwa imejaa unyevu, na kompresa inaumeza wote. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayopulizwa pale mwanga unapokata, ili moshi usipande kwenye lenzi. Ikija na maji au mafuta, lenzi inapata madoa, mwanga unakosa nguvu, na ubao unaungua badala ya kukatika. Ndiyo maana kwetu salamu ya kwanza ni "Tanki imekojoa?" na asiyejua jibu nitamgombeza kabla hajanywa chai.

Baada ya tanki kuna kichujio chenye kikombe cha kunasa maji, kisha chupa ya punje za kunyonya unyevu. Punje hizo zikiwa kavu ni za bluu. Zikishiba maji hugeuka rangi ya waridi, nami huzikausha kwenye sufuria safi juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kwa moto mdogo, mpaka bluu irudi. Ni kazi ya uvumilivu. Watu wa nyumbani husema uvumilivu wote niliojaliwa nimezipa punje, wao wakabakishiwa kelele.

Msimu wa mvua uliopita, wifi yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, alikuwa anaolewa. Bwana harusi alitoka kwa wafugaji wa milima ya juu, watu wa ng'ombe na nyimbo za kanisa. Mama mkwe tunaishi naye uani, na ujana wake wote aliumalizia kwenye bandari ya Kalundu akiuza samaki. Hakumwogopa mtu sokoni, lakini wakwe hawa walimtia hofu. Aliwaza watashuka, wakute sherehe ya ovyo, waseme binti ametoka kwa watu wasiojali. Akatuagiza ubao mkubwa wa kusimama nyuma ya maharusi, wenye majina yao, vilima juu na mawimbi chini.

"Minye sina ngombe ya kuwaonyesha," alisema. "Nitawaonyesha ile mbao."

Siku mbili kabla ya harusi niliziweka punje motoni, mara nikaitwa bandarini kupokea mbao zetu za tripleksi zilizofika kwa boti. Niliporudi, chupa ilikuwa imeshafungwa mahali pake, nami kwa haraka sikuikagua. Mume wangu ndiye aliyeifunga, na kwake yeye chupa ni chupa. Tukawasha. Herufi ya kwanza ikatoa moshi mweusi, ya pili ikawaka, na karakana nzima ikanuka ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga.

Nikazima mashine, nikafungua chupa. Punje zilikuwa zinang'aa kwa mawese, na katikati yake kichwa kimoja cha ndagala kikinitazama.

"Ni mupumbavu gani amekaanga punje zangu?" nilipiga kelele hadi jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Ni minye," ilisema sauti mlangoni.

Mama mkwe alisimama pale, mwiko mkononi. Kwetu mtu hampandishii mama mkwe sauti, sembuse kumwita mpumbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mume wangu akawa anasafisha miwani ambayo haikuwa chafu.

"Niliona zinaruka-ruka mu sufuria, zitaungua," alisema. "Nikazitia mu kikaango yangu na mawese kidogo, kama vile karanga, nikazirudisha mu chupa. Nilikuwa nataka nikusaidie, mukamwana."

"Unisamehe, Mama."

Hakunisikia. Alikuwa ameuona ubao, na jina la binti yake limeungua. Akaketi juu ya mabaki ya mbao.

"Basi imekufa?"

Hasira zangu ziliisha hapo hapo, nikamwonea huruma. Nikamwambia ubao mwingine tunao, ila tumekosa hewa kavu, kwa sababu punje mpya zinatoka Bujumbura na harusi haingojei. Nikamweleza kwamba hewa ikitoka kwenye kompresa ina joto, na ikipozwa inaacha maji yake, kama mvuke unavyogeuka matone chini ya kifuniko cha sufuria.

Alinitazama kidogo. "Kama ni baridi munatafuta, barafu iko Kalundu. Wale wote ya samaki wananijua."

Akaondoka na mwiko wake. Nikatupa punje, nikabadilisha kichujio, nikaweka mpira mpya wa hewa, nikaifuta lenzi kwa spiriti hadi ikatakata. Mume wangu akang'oa bomba la shaba kwenye friji lililokufa zamani, akalizungusha taratibu mpaka likaenea ndani ya beseni, tukaliunga kati ya tanki na kichujio. Mama mkwe akarudi kwa pikipiki, amepakata gunia la barafu, kitenge kimelowa mpaka magotini, amefurahi kama aliyeshinda kesi.

Tukajaza barafu, tukawasha. Sikuamini haraka. Nilipuliza hewa ile juu ya kioo cha mkononi, na kioo kikabaki safi. Ndipo nikaruhusu ubao uingie. Mama mkwe alikataa kuondoka. Alikaa kando ya beseni mchana kutwa, akiongeza barafu na kufungua kikombe, na kila kilipotoa maji alitutangazia: "Inakojoa! Inakojoa tena!" Jioni ubao ulitoka, kingo zake rangi ya chai, majina yote mawili safi.

Siku ya harusi wakwe walishuka, wakajaa uani kwetu. Mama wa bwana harusi alipitisha kiganja juu ya vile vilima, akarudia tena, akasema hajawahi kuona kitu kizuri hivyo. Mama mkwe alijibu "Asante" kana kwamba mambo hayo ni ya kila siku.

Saa ya kuaga ilipofika, vijana wa upande wa mume walipakia sanduku za bibi harusi, kisha wakaanza kuufungua ubao wautie garini. Mama mkwe akasimama.

"Muiweke chini."

"Lakini Mama, iko na jina yake," mmoja alisema.

"Mutoto nimewapatia. Hii mbao inabaki na minye."

Uwanja mzima uliangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, ameukumbatia ubao kwa mikono miwili, mpaka kicheko kikageuka machozi. Hakuna aliyebisha. Mama wa bwana harusi alikuja akaushika upande wa pili, wakauingiza ndani wenyewe, mmoja akilia na mwenzake akimwimbia.