Mume wa Bakhita na Farasi Anayejua Neno Moja

Jua bado halijachomoza Hail, pembezoni mwa Muscat, na Sleyum bin Awadh anamsengenya mkewe. Anayesikiliza ni farasi.

"Jana kakupa tende ngapi?" anauliza, huku akimpitishia brashi mgongoni. "Nne? Mimi nakupa tano. Haya, sema nani mwema."

Farasi huyo ni jike la rangi ya kahawia. Anaitwa Kaimati, kama yale maandazi matamu ya Ramadhani, kwa sababu ya mviringo wake. Anakula tende zote tano, anamfutia Sleyum mate begani, kisha anageuza shingo na kutazama lango. Hilo ndilo lango analoingilia Bakhita, mkewe Sleyum, kila jioni.

Sleyum ameona. Anaweka brashi chini kwa utulivu wa mtu aliyetukanwa mbele ya wazee.

Nje ya banda, gari lake la maji linanguruma. Mpira wake mnene umetumbukizwa katika tangi la mazizi, unamwaga maji. Sleyum, mwenye umri wa miaka arubaini na tano, ni dereva wa gari hilo. Kila siku huzunguka Hail na vitongoji vya jirani akijaza matangi ya juu ya nyumba. Kituo chake cha kwanza ni hapa, kwa Hatem, mwenye mazizi. Hatem anapata maji, na Sleyum na mkewe wanapata kumpanda Kaimati. Hakuna mkataba. Walikubaliana kwa kahawa.

"Kazi yangu ni njema, alhamdulillah," anasema Sleyum. "Lakini kwenye gari la maji, watu wanauliza maji yako wapi. Hakuna anayeuliza dereva yuko wapi. Juu ya farasi ndipo mtu ananitazama mimi."

Tatizo ni kwamba siku hizi wanamtazama Bakhita.

Mchezo wenyewe ni mashindano ya farasi wa ranchi, na kwa Muscat bado ni mgeni. Hapa watu wamezoea mbio, na farasi wa Kiarabu wanaotembezwa kama maharusi. Kwa Hatem mambo ni mengine. Mpandaji anaingia uwanjani peke yake na kufanya kazi za mchunga ng'ombe. Anafungua lango la kamba bila kushuka, anapita juu ya magogo, anaburura gogo moja kwa kamba. Mwishoni anakwenda mbio mpaka karibu na uzio, na hapo farasi anatakiwa asimame kwa mkupuo mmoja, akalie matako na kuteleza mchangani.

Majaji wanatoa alama. Sabini ni kazi njema.

Madaraja ni matatu. La kwanza ni la wanaoanza. La pili linaongeza ndama mkaidi ambaye hupaswi kumwachia apite. La tatu liko wazi kwa wote, hata wale ambao farasi ndio riziki yao. Ili mtu apande daraja, lazima apate sabini au zaidi katika mashindano mawili yanayofuatana, ndani ya msimu mmoja.

Sleyum ndiye aliyeanza. Huu ni msimu wake wa tatu katika daraja la kwanza, na hakuna mtu Hail mwenye uzoefu wa kuanza kama yeye.

Bakhita alikuja msimu wa pili. Alikuja kushika kofia.

"Nilimpa kofia anishikie," anasema Sleyum kwa sauti ya matanga. "Kofia tu."

Bakhita, mpokea wagonjwa katika zahanati moja ya meno huko Seeb, aliishika kofia kwa uaminifu muda wa wiki mbili. Wiki ya tatu aliuliza kama anaweza kuzunguka mara moja.

"Nikamwambia azunguke," anakumbuka Hatem. "Alipomaliza nilikuwa bado nimeacha mdomo wazi. Wallahi nzi aliingia."

Kabla ya msimu kwisha, Bakhita alikuwa daraja la pili. Yeye mwenyewe halipi jambo hilo uzito.

"Mimi sifanyi kitu," anasema, akikaza mtandio chini ya helmeti. "Nakaa tu juu. Farasi anafanya."

Kwa mujibu wa Sleyum, kauli hii inauma kuliko tusi.

Mazizini jina lake limebadilika. Zamani walimwita Sleyum wa maji. Sasa akifika, mtu anayepiga simu kwa mwenzake husema, "Nipo hapa na mume wa Bakhita." Siku moja alimfokea mtu kwa hilo. Mtu huyo aliomba radhi, akauliza, "Samahani, kwani jina lako nani?"

Basi ikafika Ijumaa ya mashindano ya mwisho wa msimu. Katika mashindano yaliyotangulia Sleyum alipata sabini na moja. Alihitaji sabini nyingine ili apande daraja la pili, alipo mkewe. Akikosa, hesabu inafutwa, na joto likipoa mwezi wa kumi anaanza upya.

Bakhita naye alihitaji sabini nyingine ili aingie daraja la tatu. Jambo hilo Sleyum hakutaka kulizungumza.

Kabla ya kwenda mbali, lazima lielezwe neno moja.

Hatem alimfundisha Kaimati kusimama kwa amri ya Kiarabu: "Bas!" Yaani tosha, khalas. Kaimati amelishika neno hilo kama sala. Ukilitamka, atasimama popote alipo, hata akiwa na majani mdomoni.

Lakini Sleyum na Bakhita ni watoto wa wazee waliotoka Unguja. Nyumbani wanazungumza Kiswahili, na katika Kiswahili cha nyumbani kwao hakuna sentensi inayotoka mlangoni bila "basi." Njoo basi. Kula basi. Niambie basi. Hapo basi haimsimamishi mtu. Inambembeleza, inamsukuma mgongoni. Masikio ya Kaimati hayajui tofauti hiyo. Kwake bas na basi ni ndugu wa tumbo moja.

"Tukiwa mazizini tunasema kwa uangalifu," anaeleza Bakhita. "Kama mtu anayetembea peku juu ya vigae vilivyovunjika."

Ijumaa ile, kwa mara ya kwanza, alifika mama yake Bakhita. Bi Masouda alitoka kwake Bustan na mkeka, chupa ya kahawa, na sahani ya halua iliyofunikwa. Hakuna aliyemwambia habari ya neno.

"Nnampenda mkwe wangu," alisema alipokuwa akijikunja mkekani. "Mzito kidogo, lakini nnampenda."

Sleyum aliingia. Lango akalifungua na kulifunga bila kamba kumponyoka. Magogo Kaimati aliyapita kama bibi anayeruka madimbwi. Gogo la kuburura lilifuata nyuma kwa adabu. Hata Hatem, ambaye kwa kawaida hutazama kwa jicho moja, alitazama kwa mawili.

Ikabaki mbio. Sleyum akalegeza hatamu, Kaimati akafyatuka, na kofia ikakaa palepale kichwani kama iliyopigwa msumari. Huko mkekani, mama mkwe alishikwa na mapenzi. Alisimama, akainua mikono yote miwili, na kwa sauti iliyozoea kuita watoto kutoka mtaa wa pili akampigia mkwe wake ukelele, akimwita kwa jina la mjukuu:

"Kimbia basi, baba Nawar! Kimbia basi!"

Kaimati alisimama. Alisimama vizuri ajabu, matako chini, miguu ya mbele imenyooka, mchanga ukiruka pande zote. Majaji wenyewe wanakiri kwamba ulikuwa msimamo wa kupigiwa mfano. Ila ulikuwa katikati ya uwanja, na Sleyum hakuwa na habari nao. Yeye aliendelea.

Alitua kwa kukaa. Kofia ilifika baada yake.

"Mbona kashuka?" aliuliza Bi Masouda. "Kashamaliza?"

Anayeanguka hapati alama. Sleyum alikwenda kwa jaji mkuu akiwa na mchanga masikioni, akadai kwamba amehujumiwa na watazamaji. Jaji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu kwamba sauti za watazamaji hazihesabiwi, na kwamba farasi anatakiwa amsikilize aliye juu yake.

Nyuma ya farasi, mume na mke walizungumza. Wanaamini walinong'ona.

"Mamako kanimaliza."

"Mama hakukusudia, baba Nawar."

"Hakukusudia! Tangu siku ya posa anangoja nafasi!"

"Alikuwa anakushangilia."

"Mwambie ahamie upande wako, akushangilie wewe!"

"Mimi nishamwambia anyamaze," alisema Bakhita, akaweka mguu katika kikuku cha tandiko na kupanda.

Kilichofuata kina mashahidi wengi. Sleyum alikwenda kukaa mkekani kando ya mama mkwe wake, kwa kuwa hapakuwa na kivuli pengine. Bi Masouda, kwa kutaka suluhu, alimmiminia kahawa. Bakhita alifungua lango, akapita magogo, akamzuia ndama kulia na kushoto mpaka ndama akakata tamaa. Watu wakaanza kusema mashallah. Kila mashallah ilimpata Sleyum mbavuni.

Kisha Bakhita akaanza mbio.

Wanasema Sleyum alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kusita huko ndiko kulikomponza. Sauti ilipomtoka, ilitoka yote:

"Bas!"

Wakati huohuo Bakhita alikuwa ameshafika karibu na uzio na ameshaegemea nyuma, naye analitamka neno lilelile. Kaimati akalipata mara mbili, kutoka kwa watu wawili anaowajua. Alikaa chini, akateleza mpaka watu wa mbele wakarudisha miguu. Alikuwa hajapata kuteleza hivyo maishani mwake.

Alama sabini na sita. Daraja la tatu.

Watu walimzunguka Sleyum. Walimpiga mgongoni, wakamsifu kwamba ni mume wa mfano. Mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba hivi ndivyo nyumba inavyojengwa, mume na mke sauti moja. Sleyum alipokea pongezi hizo akiwa na uso wa mtu anayemeza ndimu nzima.

Bakhita aliposhuka, hakuwa anacheka.

"Baba Nawar. Ulikuwa unasema nini?"

Maelezo ya kwanza ya Sleyum ni kwamba alikuwa anamsaidia. Bakhita alimtazama. Maelezo ya pili yakafuata haraka.

"Nilikuwa namwambia mama. Alikuwa ananimiminia kahawa. Nikamwambia basi, inatosha."

Ni maelezo ambayo huenda yangepita katika mji mwingine. Muscat, mtu akitosheka na kahawa hasemi neno. Hutikisa kikombe, kidogo hivi, kwa vidole viwili, na anayemimina anaondoa chupa. Mtoto wa miaka mitano anajua. Sleyum ametikisa vikombe maisha yake yote, katika harusi, katika misiba, katika nyumba za watu anaowapelekea maji.

"Alitikisa, mama?" Bakhita aliuliza.

Bi Masouda alikiangalia kikombe cha mkwe wake. Kilikuwa kimejaa, hakijaguswa, na nzi ameshakigundua.

"Nnasema kweli," alisema pole pole, "sijaona kitu kutikisika."

Siku mbili Bakhita hakumsemesha. Chakula kilipikwa, nguo zilipigwa pasi, lakini maneno hayakutoka. Siku ya tatu, Sleyum alitoa maelezo ya mwisho, na anayarudia sasa bila kumtazama mtu, akikunja mpira wa maji.

"Nilitaka asimame. Si aanguke, la. Asimame tu. Mimi ndiye niliyekuja hapa kwanza, mimi niliyemleta. Kila nikifika mahali namkuta kashapita. Nilitaka asimame mara moja, anisubiri."

Bakhita ana jibu lake kwa hilo.

"Angeniomba nimsubiri, nisingemsubiri," anasema. "Lakini angeniomba."

Alimsamehe. Wivu haukuondoka, na Sleyum hadai kwamba umeondoka. Bakhita akiingia mazizini na Kaimati akapiga mlio wa furaha, mume huyu bado hugeuka kutazama ukuta. Akisikia habari za daraja la tatu, hukumbuka kwamba ana tangi la kujaza mahali.

Hata hivyo ana mpango. Joto limeingia, mashindano yamefungwa, na miezi hii mirefu anataka kuitumia kumfundisha Kaimati neno jipya la kusimama. Hatem amekubali. Kilichochukua muda ni kulipata neno lenyewe. "Khalas" lilikataliwa kwa sababu Muscat nzima inalisema. "Tosha" lilikataliwa kwa sababu Bi Masouda hulitumia kila akimzungumzia mkwe wake, akilitangulizia "haja": hajatosha.

Sleyum amechagua "hongera."

"Neno hilo," anasema, "ukoo wa mke wangu hauwezi kuniambia mimi hata kwa bahati mbaya."

Bakhita, ambaye leo hakungoja jioni, amefika asubuhi na tende zake na ameshapokewa kwa mlio, anapinga.

"Na mimi je? Mimi naambiwa hongera kila nikigeuka! Farasi hatapiga hatua!"

"Ndiyo maana nimelichagua," anajibu mumewe. Ni mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Bakhita anacheka, anamrushia kokwa ya tende, inamkosa na kumpata Kaimati. Kisha anauliza, na safari hii sauti yake haina mzaha.

"Na siku utakayopanda daraja wewe? Watu wakikupa hongera, naye akakusimamia katikati ya uwanja?"

Sleyum anafikiri. Mkono wake uko shingoni mwa farasi, na farasi, kwa mara moja, hajageuka kutazama kwingine.

"Mwache asimame," anasema. "Nitataka kuisikia vizuri."