Kikombe cha Marehemu

Mwanangu alimvutia baba yake kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja, akasema, "Kaa, Mzee."

Mzee tulikuwa tumemzika miaka sita nyuma.

Wajukuu zangu mnaosoma humu, mimi si mtu wa maneno mengi. Hili nimelibeba kifuani muda mrefu. Leo nalitua.

Mwanangu ni fundi viatu kama baba yake. Mikono ya dhahabu. Lakini alipiga mtungi miaka kumi na mitano, mpaka ikawa asubuhi hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila kupata moja ya kutuliza mikono.

Ijumaa moja akaniambia, "Mama, nimechoka kuchekwa. Leo naacha. Nifungie mlango, na hata nikikulilia, usifungue."

Nilimbusu kwenye paji la uso. Nikafunga, ufunguo nikautia mfukoni.

Jumamosi alitetemeka, jasho likamtoka, chakula hakipiti. Nikasema ndiyo sumu inatoka hiyo. Nikambadilishia shuka mara nne.

Jumapili mchana nilimkuta amekaa kitandani. Anatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, anaigongea kwenye soli.

Hakukuwa na msumari. Hakukuwa na kiatu.

Ndipo akavuta kile kiti.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Mama naye! Si Mzee huyu hapa? Msalimie basi."

Nywele zilinisimama. Mwenye akili zake angekimbia kuita majirani.

Mimi nilimsalimia.

Mnielewe. Siku Mzee anafariki aliniomba chai, na nikae naye. Nikaenda kuchota maji, nikakuta foleni, nikanogewa na soga. Niliporudi alikuwa ameshakata roho, peke yake. Miaka sita sikuwa na wa kumwomba radhi.

"Muulize," nikanong'ona, "kama alinisubiri sana."

Mwanangu alitega sikio upande wa kiti.

"Anasema chai imepoa."

Nikainuka, nikachukua birika.

Nikachemsha nyingine. Vikombe vitatu.

"Anasema sukari haitoshi."

Nikacheka huku nalia, maana Mzee na sukari walikuwa chanda na pete. Tuliongea watatu sisi mpaka jua likazama. Mwanangu alikuwa wa moto kama pasi. Niliona. Nikamwekea kitambaa cha maji, nikauliza swali jingine.

Jumatatu asubuhi jirani yetu, binti wa duka la dawa, aliyekuwa akiniletea maziwa bila kuombwa, akachungulia mlangoni.

"Bibi! Huyu ameacha pombe lini?"

"Ijumaa."

"Ghafla hivyo? Mtu wa kunywa kila siku?"

Hakumaliza. Mwanangu alikakamaa, macho juu, povu mdomoni.

Binti wa watu alimlaza ubavu, akavua sweta lake akamwekea chini ya kichwa, akapiga simu gari lije. Mimi nilisimama tu na birika mkononi.

Hospitali daktari aliuliza, "Ameanza kuona watu lini?"

"Asubuhi hii," nikasema.

Akanieleza polepole, kama anayeongea na mama yake mzazi. Pombe hukandamiza ubongo. Ubongo wa mnywaji wa kila siku hujizoesha kusukuma kinyume ili uendelee kufanya kazi. Pombe ikiondoka ghafla, ile nguvu hukosa breki: mwili hutetemeka, mtu huona wasiokuwepo, hupata degedege, na wengine hufa.

"Kuacha ni vizuri, mama. Ila mtu kama huyu huachishwa kwa dawa, tukimwangalia."

Na ile habari ya chai? Mwanangu aliijua. Nilimsimulia mwenyewe, siku ya mazishi.

Alipona. Mwaka wa pili huu hajagusa tone. Siku zile hazikumbuki kabisa, ila huwaambia wateja wake, "Mnamwona mama huyu? Nilipokuwa nakufa, hakuniacha hata dakika."

Wateja hunipa mkono. Nami naupokea.

Ni kweli, sikutoka nyumbani. Lakini sikuwa nimekaa naye. Nilikuwa nimekaa na baba yake.

Basi, wajukuu zangu: mtu wako akitaka kuacha pombe, mpeleke kwa daktari kabla hujamfungia mlango. Na akianza kuongea na waliokufa, usimtume salamu.

Marehemu hana haraka. Aliye hai ndiye anayewahiwa.