Jina lisilofutika ukutani Kasulu

Saa moja asubuhi, Julai 2015, umande haujakauka juu ya mabati na Venanti Niyibizi ameshapanda ngazi. Brashi moja kaibana kwa meno, nyingine iko mkononi. Mbele yake, kwenye ukuta wa lililokuwa ghala la tumbaku hapa Kasulu, yako majina ya mabingwa wa Kombe la Nyanda za Juu, mashindano ya mpira wa vinyoya yanayoleta wachezaji kutoka Burundi, Kongo na Uganda.

Jumamosi mgeni rasmi anakuja. Wakubwa wanataka ukuta ung'ae.

"Fundi, bingwa wa mwaka kumi na mbili kafutika tena," dereva wa bodaboda anamtania. "Huyo dada mbona rangi haimkai?"

"Iulize mvua," anajibu Venanti bila kugeuka.

Mvua haina kosa. Majina mengine yote kayaandika kwa rangi ya mafuta. Jina la bingwa wa wanawake wa 2012, Anifa Gharibu, huliandika kwa rangi ya maji, na kila masika yakipita, herufi zinabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Chini yake linachungulia jina lingine: ESTERI NTIRAMPEBA.

Esteri alikuwa mke wake.

Venanti, mwenye miaka hamsini na moja, anatembea kwa miguu kutoka Heru Juu akiwa na makopo yake kwenye kiroba. Bango la saluni humpa shilingi elfu kumi na tano. Kwa ukuta huu wote kamati ya mashindano humlipa elfu arobaini, na chai hawampi.

Esteri alizaliwa Busunzu, wilayani Kibondo, kwa wazazi waliokimbia Burundi. Raketi alifundishwa na mwalimu mmoja wa kambini aitwaye Fidele. Mwaka 2012 aliichezea Tanzania, akamfunga Anifa kwenye fainali, seti mbili kwa sifuri. Jioni ileile Venanti alipanda ngazi akaliandika jina la mkewe.

"Niliandika giza likiingia," ananiambia. "Herufi ya R imepinda mpaka leo."

Wiki moja baadaye kamati ilimwita Esteri. Hana cheti cha uraia, wakasema. Kumpanga acheze walikuwa wamempanga wao wenyewe, na picha walipiga naye. Kombe likachukuliwa, likapelekwa kwa Anifa, mwalimu aliyehamia kutoka Tanga. Venanti akaitwa aandike jina jipya.

Fundi yeyote wa mabango anajua kwamba rangi ya mafuta hupigwa msasa kwanza, ndipo rangi nyingine ishike. Venanti hakupiga msasa.

Esteri alifariki Agosti 2013, malaria ikiwa imempanda kichwani. Cheti chake cha uraia kilifika Februari mwaka huu, na muhuri wake. Aliyekipokea ni mjane wa kiume. Alikipeleka kwa mwenyekiti wa kamati, Castory, akaambiwa suala hilo lilishafungwa.

"Lilifungwa na nani?" anauliza Venanti. "Wao wana viti, wana chai, wana vitambaa vya mezani. Kusoma karatasi moja kumewashinda."

Saa mbili unusu pikipiki inasimama. Abbasi, afisa mifugo, anamshusha mkewe Anifa, anampangusa vumbi begani kwa kiganja, taratibu, kama mtu mwenye siku nyingi mbele yake. Venanti anaangalia kiganja kile hadi rangi inadondoka kutoka kwenye brashi.

Wanaposogea pembeni, Venanti ananiambia kwa sauti ya chini: "Mimi jina lake halinisumbui. Kinachonisumbua ni kile kiganja. Yule bwana ana mke, na mke ana ukuta. Mimi nimebaki na ngazi."

Anifa anarudi peke yake. "Za asubuhi, shemeji."

"Nzuri."

"Shemeji, mimi nilifungwa. Najua nilifungwa."

"Uliwaambia?"

"Nilimwambia Abbasi."

"Abbasi ndiye kamati?"

Anifa anainamisha kichwa. Ni mwanamke mpole, na upole wake unamkera Venanti kuliko kama angekuwa na majivuno. Mtu wa majivuno angemchukia akashiba.

Kabla hajajibu, Castory anatokea na funguo zake. Anampa Venanti karatasi mbili za msasa, mpya.

"Nimeshaelewa mchezo wako," anasema. "Mwaka huu sugua mpaka kwenye plasta. Ukishindwa, yuko kijana wa Kibondo, bei rahisi."

"Mwenyekiti," anasema Anifa, "mimi nilifungwa ile fainali."

"Mwalimu, Jumamosi utampokea mgeni rasmi kama bingwa wa zamani. Gauni umeshashonesha."

"Nitampokea. Nitamwambia nilifungwa seti mbili."

Castory anamtazama, anatazama ukuta, anaondoka akichezesha funguo.

Venanti hamshukuru Anifa. Msasa anaukunja na kuutia mfukoni. Anachovya sifongo kwenye ndoo, analisugua jina la Anifa, na rangi inateremka ukutani nyeupe kama maziwa. ESTERI anabaki, na R yake iliyopinda.

Mpango wake ni kumaliza safu zote leo, kisha Jumamosi asimame chini ya mwaka 2012, cheti kikiwa kwenye mfuko wa shati.

"Wakitaka kumfuta, wamlete huyo wa Kibondo," anasema. "Asugue mbele ya mgeni rasmi, mimi nikimshikia ngazi. Andika hivyohivyo gazetini, wasome kabla hawajafika."

Anashuka, anaisogeza ngazi hatua mbili, anaanza mwaka 2013.