Mtu Yule Yule, Ndevu Zile Zile

Saa tisa alasiri, banda la video limejaa mpaka mlangoni. Mtafsiri wa filamu, mama wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sauti, anavuta kipaza sauti na kukohoa kidogo. Kwenye skrini, mwanamume mwenye ndevu anatega baruti chini ya daraja.

"Haya, steringi wetu huyo, shujaa mwenyewe! Jamani, msipepese macho!"

Daraja linaruka. Wateja wanapiga makofi, mabenchi yanalia.

Hiyo ni sehemu ya kwanza. Katika sehemu ya pili, iliyotengenezwa miaka mingi baadaye, bwana huyo huyo analipua daraja jingine, na safari hii anaitwa gaidi.

"Mtu yule yule, ndevu zile zile," anacheka Mama Sauti, kisha anakunja uso. "Waliobadilika ni wakubwa tu. Sasa mimi nimwambie nini mteja?"

Swali hilo linamchoma siku hizi. Mdogo wake, fundi uashi, yuko rumande kwa kesi ya ugaidi. Kosa lake? Alilala mbele ya tingatinga lililokuja kubomoa soko kwa amri ya diwani. Aliwahi kulala hivyo hivyo kabla ya uchaguzi, na diwani huyo, wakati huo akiomba kura, alimwinua mkono jukwaani akamwita shujaa. Aliyeshika kipaza sauti siku ile, akirudia kila neno kwa watu wa nyuma, alikuwa dada mtu, Mama Sauti mwenyewe.

Wiki iliyopita diwani alituma mtu: mwenye ndevu aitwe gaidi, na habari za mdogo wake aachane nazo, la sivyo banda litafungwa. Banda hilo ndilo linalomlisha yeye na watoto wa mdogo wake.

"Nikamwambia, baba, kufuli unalo, funga. Mdomo huu haufungiki!" Anapiga meza. "Naogopa, sikatai. Lakini mtoto wa mama yangu simwiti gaidi, hata kwa dawa."

Jumatatu atapanda kizimbani kama shahidi, kumtetea mdogo wake. "Wakili kaniuliza, unakumbuka diwani alivyosema? Nikamjibu, we vipi, hiyo si ndiyo kazi yangu?"

Anasimamisha filamu, anatoa kifua mbele, na sauti nene ya diwani inajaa banda: "Kijana huyu ni shujaa wetu! Akiguswa yeye, nimeguswa mimi!"

Wateja wanavunjika mbavu. Mama Sauti hacheki.

"Hivyo hivyo," anasema. "Mbele ya hakimu. Na diwani awepo, anisikie."