Namba ya Bi Time

Asya Soud wa Wawi alikuwa na kazi ambayo mama yake alishindwa kuwaeleza majirani: kujaza fomu za kwenye mtandao kabla hazijafunguliwa, atafute zinapokosea.

Mwaka 2019 jumuiya moja ya wakulima wa Pujini ilimpa fomu ya kuombea miche ya mikarafuu. Ilikuwa na visanduku ishirini na sita, na ingefunguliwa kesho yake asubuhi. Ambaye jina lake lingepotea humo, mvua za msimu ule zingemkuta hana mche. Haitham, kijana aliyeitengeneza, alimpa saa tatu tu.

"Jaribu barua pepe, Dada Asya. Watu hukosea sana hapo."

"Watu gani? Wa Pujini?"

"Wa popote."

"Haya. Nitajie mzee mmoja wa Pujini mwenye barua pepe, nikupikie pilau."

Haitham akacheka. Asya alikuwa ameshaishika karatasi yenye orodha ya vya kujaribu, anavipiga mistari vile ambavyo saa tatu zisingevitosha. Barua pepe, akaikata. Rangi za vitufe, akazikata. Tarehe ya kuzaliwa aliitazama kitambo, nayo akaikata. Kalamu ikasimama kwenye namba ya simu.

Pujini ukiuliza simu, nusu ya mtaa hukutajia namba ya Bi Time wa dukani. Ujumbe ukija, Bi Time humsomea mwenyewe akipita kununua sukari. Ndivyo walivyozoea, na hakuna anayeona ajabu.

Akaandika jina la majaribio, Mjaka, kwa namba ile. Fomu ikajibu: Umepokelewa. Akaandika jingine, Himid, kwa namba ile ile. Umepokelewa. Akafungua orodha. Alikuwamo Himid peke yake.

"Mjaka kenda wapi?"

Haitham akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Kafutwa. Namba moja, mtu mmoja. Ndivyo nilivyoiweka."

"Kwenu kila mtu ana simu yake?"

Haitham akaivuta kompyuta kwake. "Bibi yangu hutumia yangu."

Alirekebisha mpaka ikaadhiniwa alasiri. Asya akaingiza majina thelathini na moja kwa namba moja, kisha akayapitia kwenye orodha, moja moja. Yote yalikuwamo. Muda ukawa umekwisha.

"Na barua pepe?"

"Haikujaribiwa. Wala tarehe. Yaandike kwenye ripoti ya jumuiya, wajue."

"Wataniuliza kwa nini."

"Waambie muda ulikuwa mchache, tukaanza pale mtu anapopotea bila kujijua."

Haitham akaandika.