Bakuli la Zahanati

Usiku ule nilipanda kitandani na hasira zangu zote. Mchana kutwa nilikuwa nimebishana na bosi wa kampuni ya intaneti, ambako nasimamia mitambo. Intaneti ya huku mlimani inapita kwenye uzi mmoja wa kioo, nyumba zote na zahanati zinagawana, na mtambo humwongezea anayeomba. Zahanati ikikaa kimya, fungu lake wanapewa watazama sinema. Ikilihitaji, inapanga foleni. Na kesho yake daktari wa mjini alikuwa amtazame mdogo wangu Namsifu kwa video, aamue kama ashushwe akapasuliwe, maana mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mara mbili picha ilishakwama. Nikaomba fungu la zahanati lisiguswe, bosi akasema uwezo haukai bure. Nilichoka, jamani.

Basi nikajikuta jikoni kwa Bibi, mama yake mama, tuliyemzika zamani. Anapakua makande. Tumejazana wajukuu, sahani mkononi, na Bibi anamtazama kila mmoja usoni kabla ya kuchota: aliyetoka kulima anaongezewa, aliyekwishakula kwa jirani anapata kijiko. Mara jiko limekuwa chumba cha mitambo, taa za kijani zinapepesa, Bibi yupo palepale na upawa wake. Wenye sahani sasa ni wateja wangu, wanasukumana. Namsifu amekaa nyuma na tumbo lake, haombi kitu.

Nikamwambia Bibi chungu kinaisha. Akaendelea kuchota. Nikarudia, machozi ya hasira yananitoka, kwamba watu hawa hawashibi na bosi hataki kitu kibaki. Akanisonya, vilevile alivyonisonya enzi za uhai wake. Kisha akainama chini ya mtambo, akatoa bakuli lililofunikwa kwa sahani, bado la moto.

“Nakijwa, hili nilipakua kabla ya yenu yote. Miaka yote ulikula hapa, hukuliona?”

Niliona. Lilikuwa la babu akichelewa shamba, au la mgonjwa. Tulilililia, naye akijibu neno lilelile: mwenyewe yuko njiani.

Nikaamka kumekucha. Sikunawa hata uso. Nilifungua kompyuta, nikalitenga fungu la zahanati, lisiguswe hata likikaa kimya. Haikupita muda bosi akapiga, anafoka: sinema za watu zinasuasua, nani kazuia? Dirishani nilimwona Namsifu akipanda kilima kwenda zahanati, polepole, mkono kiunoni.

“Limefunikwa, bosi,” nikamwambia. “Mwenyewe yuko njiani.”