Nduaro Aliyeondoka na Kikoi Changu

Nilikula yamini kuwa mambo haya nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa Kiwengwa nzima wanayajua na Mlandege wanayatia chumvi kila Ijumaa baada ya sala, bora niyaseme mwenyewe, niaibike kwa kipimo changu.

Mimi nauza zana za uvuvi. Duka langu liko Mlandege, mjini, dogo tu, ndoana ukutani, mishipi ya nailoni kwenye rafu kuanzia mwembamba hadi mnene, na pweza wa plastiki wa chambo, wa kila rangi, wananing'inia mlangoni. Miaka sita nawashauri wavuvi mshipi gani kwa nguru na ndoana gani kwa jodari, hata wateja wakanibandika jina la Nahodha, na mimi nikaliitikia. Jambo moja sikuwahi kulisema (na hakuna aliyewahi kuniuliza): sijapata kuvua hata dagaa. Bahari nimeivuka kwa meli ya abiria, tena nimelala.

Basi nikapeleka posa Kiwengwa, huko pwani, kwa binti aitwaye Zuhura. Baba yake, Mzee Makame, ni mvuvi mwenye boti yake ya faiba, mtu wa maneno machache, akatuambia tusubiri jawabu. Wiki ikapita, siku moja namuona huyo kaingia dukani, anatazama rafu zangu moja moja, kisha akaniuliza, "Na weye huvua wapi?"

Hapo ndipo. Ningesema sijui kuvua, mkasa ungeishia pale pale kaunta. Nikajibu, "Huko huko nje, mzee, kwenye maji makubwa."

"Vizuri. Jumamosi nnakwenda kurambaza. Njoo na zana zako, nikuone."

Kurambaza ni kuburura mshipi nyuma ya boti inayokwenda, ukitafuta wale samaki wakubwa wanaofukuza chambo. Lakini neno lililonikaa rohoni ni lile "nikuone". Nikajua jawabu la posa yangu liko ndani ya boti ile, na nilimtaka Zuhura kuliko nilivyoiogopa bahari.

Ijumaa nzima nikachagua zana. Nikatwaa mshipi mnene kuliko yote dukani, ndoana kama ile ya kutundikia nyama buchani, na pweza wa plastiki wa waridi mwenye kumetameta (aliyekaa dukani miaka mitatu kwa sababu wavuvi wote walimcheka). Jumamosi asubuhi nikavaa kikoi kipya cha kijani alichonipa Zuhura, kizuri, ila upya wake ulikifanya kiteleze kiunoni kila nikipiga hatua.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia pwani, kwenye boti yake.

"Marahaba. Huo mshipi wa kuvulia au wa kufungia meli?"

Nikamwambia mnene ndio wenye salama. Akanionyesha wake, mwembamba, umefifia rangi. "Mie hutumia huu. Samaki akizidi, unakatika. Kukatika nako ni kazi yake." Nami, mtu wa kaunta, nikamfunza mvuvi wa miaka arubaini kwamba siku hizi mambo yamebadilika.

Tulipovuka mwamba tumbo langu likabadilika pia. Mzee Makame kashika usukani wa mashine nyuma, mwisho wa mshipi wake kaukanyagia kisigino, ukivutwa anajua, akizidiwa anainua mguu. Mimi nilihitaji mkono mmoja kushikilia boti, wa pili kuziba mdomo, wa tatu kushika mshipi na wa nne kushika kikoi kinachoteleza. Nikaona nimepata dawa ya yote: nikaufunga mwisho wa mshipi kiunoni, juu ya kikoi, ukawa ndio mkanda. Tena kwa lile fundo ninalowafundisha wateja, lisilofunguka.

"Umefunga kiunoni?" akauliza.

"Ndio mtindo wetu wa mjini."

Akasema, "Haya."

Nduaro, samaki wa maji makubwa, alimpenda yule pweza wa waridi. Nilimuona akiruka nyuma kule, mrefu, pua kama sindano, na nilikuwa naanza kufurahi nilipojikuta nateleza kwenye sakafu ya boti, miguu mbele, kama gunia la mkaa. Mzee akanidaka kwapani nikiwa nimeshafika kwenye ubao wa nyuma, basi ikawa mkwe ananivuta huku na nduaro ananivuta kule, na mshipi ule hauna habari ya kukatika (mshipi mzuri kweli, nauza mpaka leo). Kilichokubali ni kikoi. Mkanda uliteremka nacho nyongani, magotini, ukatoka miguuni, na yule samaki akaruka mara ya pili, kikoi cha kijani kinampepea nyuma, akaenda zake.

Nilibaki na bukta ya ndani, ya mtumba, nyekundu, yenye picha za mananasi.

"Astaghfirullah," alisema Mzee Makame taratibu, akanipa mgongo. Kwao mkwe hatazamwi katika hali ile, na ukishapeleka posa we mkwe tu, hata jawabu halijatoka. Ndani ya boti hapakuwa na kitambaa ila shati lake, na shati la mkwe halivaliwi kiunoni. Akaiendesha boti kurudi pwani huku anatazama bahari tuliyotoka, mimi nimekaa mbele namwelekeza.

"Kushoto, mzee."

"Kushoto kwako au kwangu?"

Maji yalikuwa yamekupwa. Kabla sijaamua kushoto kwa nani, tulishapanda juu ya vigingi vya shamba la mwani, kamba zimejizungusha kwenye mashine, na pwani bado mbali. Shambani mlikuwa na kina mama kama thelathini, maji magotini. Wa mbele kabisa alikuwa Bi Mwanahawa, mama yake Zuhura, na pembeni yake Zuhura mwenyewe.

Bi Mwanahawa akageuka, akanipa mgongo. Na wote wakageuka. Nikashuka, nikapita katikati ya migongo thelathini, yote inatikisika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema huku anautazama upeo wa bahari. "Mmepata?"

"Alikuja, akaondoka."

Zuhura akanirushia kiroba cha mwani, kinyumenyume, bila kugeuka. Nikakimwaga, nikajifunga, nikatembea mpaka barabarani nikitoa maji. Nililia njiani, nakiri, maana niliona nimeshamkosa.

Siku ya tatu wavuvi wa Matemwe waliingia dukani. "Nahodha, tumemuona nduaro kavaa kikoi cha kijani. Sijui yeye anavulia mshipi gani."

Wiki iliyofuata akaja Mzee Makame. Alisimama mlangoni, kanipa mgongo vile vile, anawatazama wapita njia.

"Nipe mshipi mwembamba kuliko yote."

Nikamchagulia, nikamfungia kwenye gazeti, nikamtilia mkononi. Akaunyoosha mkono nyuma, akanirudishia.

"Wako huo. Zuhura kasema ndiyo. Mama yake naye kasema ndiyo, ila hajamaliza kucheka. Na mie nshakuona kila kitu, hakijabaki cha kuchunguza. Lakini siku nyingine ukizidiwa, mwanangu, ukatike."

Tumeoana. Ule mshipi nimeutundika juu ya kaunta, hauuzwi. Mteja akiniuliza atumie mshipi gani kwa samaki gani, namwambia ulize wenzio baharini, mimi sijui. Sijui. Neno lenyewe fupi vile, na lingeniachia kikoi changu.